Nyuma ya Picha

Kadi za posta zenye sura za wanawake wa pwani ni nyepesi kupatikana kuliko hati zao za ndoa. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 maduka ya picha ya Zanzibar, la A. C. Gomes na la Coutinho Brothers, yote ya Wagoa, yaliwauzia picha hizo mabaharia, maofisa na wasafiri walioshuka melini kwa saa chache. Mwanamke amesimamishwa mbele ya pazia lililochorwa, kavaa kanga mpya, vipuli masikioni, mkono kiunoni pale alipoambiwa auweke. Chini yake pameandikwa kwa lugha ya kigeni maneno ya namna ya “Mwanamke wa Kiswahili”, basi. Nyuma, mtu aliyemnunua kwa senti kadhaa anamwandikia jamaa yake Ulaya kwamba jua ni kali na meli inaondoka kesho.

Nimefanya kazi ya ukutubi Mombasa mpaka nikastaafu, na kila ninapotiwa mkononi picha ya zamani naigeuza kwanza. Wenzangu walikuwa wakinicheka. Uso nitautazama baadaye; nataka kujua kama kuna mtu aliyeona haja ya kuandika huyu ni nani, yuko wapi, na picha ilipigwa kwa sababu gani. Mara nyingi hakuna kitu ila muhuri wa duka.

Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Northwestern, kule Evanston jirani na Chicago, kilipata mkusanyo wa Mwingereza Humphrey Winterton: picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya 1860 na 1960 hivi. Wameziweka mtandaoni na mtu yeyote anaweza kuzipitia. Nimekesha nazo. Ni hazina, sisemi uongo: mitaa, madau, reli ikijengwa, wachuuzi, maharusi. Lakini mtu huzoea mapema jinsi albamu za wakati ule zilivyogawa majina. Gavana ana jina lake na cheo chake. Mkewe ana jina. Nimewahi kuona, katika albamu za aina hii, mbwa wa ofisa ameandikwa jina huku mpishi aliyemshika kamba hana. Mpishi ni “mpishi”.

Wakutubi wa leo wanajitahidi kuongeza maelezo, lakini huwezi kuongeza usichokijua. Aliyejua amekufa.

Ndiyo maana kati ya watu wote waliowahi kukusanya karatasi za pwani hii, mimi namweka mbele mtu ambaye hakuwa na maktaba wala kabati: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki 1890. Kumbukumbu yake ndiyo iliyomwokoa Muyaka.

Muyaka bin Haji al-Ghassany aliishi Mombasa takriban kutoka 1776 mpaka 1840, zama za utawala wa ukoo wa Mazrui, zama za vita na Lamu na za ubishi mrefu na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Wasomi hupenda kusema kuwa yeye ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Alitunga juu ya kila kitu: siasa, njaa, mke, deni, rafiki aliyemgeuka, na mshairi wa mji mwingine aliyestahili kujibiwa. Mashairi ya namna hiyo hufa upesi kuliko tenzi za dini. Utenzi una kisa ndani yake. Ukiukuta peke yake utaufuata. Shairi la majibizano ni nusu ya mazungumzo. Anayelisikia siku ile anajua linamlenga nani, naye hucheka au hukasirika. Anayelisoma miaka sitini baadaye ameachiwa fumbo, na aliyelifumba hayupo.

Alipofika Mombasa mmishonari William Ernest Taylor, katika miaka ya 1880, Muyaka alikuwa kaburini zaidi ya miaka arobaini na utawala wa Mazrui ulikwisha anguka tangu 1837. Taylor hakuwa mtu wa kawaida. Alijifunza Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa kukaa na watu, akavaa kanzu, akahubiri sokoni. Mwaka 1891 alitoa kitabu kikubwa cha methali. Dini yake watu hawakuichukua. Lugha yao yeye aliichukua vizuri, naye hakuficha kwamba Mwalimu Sikujua alikuwa mwalimu wake kweli. Sikujua alimwandikia mashairi ya Muyaka kwa herufi za Kiarabu, mengine kutoka kichwani mwake, mengine kutoka kwa wazee wa mji. Na hakuishia kwenye beti. Alieleza. Shairi hili lilikuja baada ya tukio hili. Neno hili wazee walilitumia kwa maana hii. Hapa Muyaka anamjibu mtu fulani. Taylor akayaandika hayo pembeni.

Maneno hayo ya pembeni ndiyo ninayoyaonea wivu. Msomaji wa leo akilifahamu shairi la kisiasa la Muyaka, amelifahamu kwa sababu Sikujua alikaa barazani na mgeni akamweleza ugomvi wa mji. Angempa beti tupu, mgeni angeondoka na karatasi nzuri zisizosema lolote.

Taylor alifariki 1927. Karatasi zake zilikuja kukaa London, katika chuo cha SOAS, na hapo William Hichens, aliyekuwa zamani mtumishi wa serikali ya kikoloni Afrika Mashariki, alizifanyia kazi. Diwani ya Muyaka ilichapwa Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mtungaji kufa. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa kitabu kingine kikubwa juu yake. Vyote viwili vimesimama juu ya mabega ya mwalimu mmoja wa Mombasa ambaye jina lake wanafunzi wengi wa fasihi hawalijui. Niliwahi kuwauliza darasa zima. Kimya. Muyaka walimjua, na hata Taylor wawili watatu.

Kuhusu kilichosafirishwa nje, mimi si mtu wa kulia kila siku. Barua za zamani kabisa za Kiswahili tunazozijua ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, na leo ziko Goa kwa sababu Wareno walihifadhi nyaraka zao huko. Zingebaki Kilwa, kwa mchwa ninaowajua na unyevu ninaoujua, sidhani kama leo tungekuwa na la kuzungumza. Hilo halimfanyi Mreno kuwa mwema. Linasema tu kwamba karatasi huishi pale penye mtu anayelipwa kuitunza.

Lamu walilijua jambo la malipo mapema. Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki 1945, alikuwa mchongaji wa milango na wa ala za muziki, mwimbaji, mshairi, na juu ya yote mwandishi mwenye mkono ambao hata asiyesoma herufi za Kiarabu angesimama kuutazama. Wazungu waliotaka tenzi walimfuata yeye. Alice Werner, mtaalamu wa Kiswahili wa London, alimfahamu. Hichens aliandikiana naye barua kutoka Uingereza katika miaka ya 1930, akaagiza nakala na kuzilipia. Ernst Dammann, aliyekuwa mchungaji Tanga na mfuasi wa chama cha Hitler, alifika Lamu na mkewe mwaka 1936, akachukua kwa Kijuma sehemu kubwa ya mashairi aliyoyachapa Hamburg mwaka 1940. Watu wa siasa mbalimbali, nchi mbalimbali, na mwandishi wao mmoja.

Ukiona nakala ya Kijuma unaona mtu anayeijua thamani ya kazi yake. Wino wa rangi, mapambo, mistari iliyonyooka kama nakshi ya kizingiti, na mwishoni jina lake. Hakuwa fundi wa kujificha. Hichens alipomtaka atumie alama za ziada ili irabu na konsonanti za Kiswahili zisomeke bila kubahatisha, alizitumia, maana mteja ni mteja.

Hapa ndipo mtu anapotakiwa kuwa mwangalifu. Msomaji akiambiwa kuna “hati ya kale ya Lamu” katika maktaba ya Ulaya, hufikiri karatasi imetoka kwenye kasha la bibi aliyeisoma kila Ijumaa mpaka pembe zikachakaa. Nyingi si hivyo. Ni nakala zilizoandikwa na Kijuma katika miaka ya 1930, kwa oda, kwa karatasi safi, kwa ajili ya mnunuzi aliyependa utendi uwe kamili na upendeze. Utendi wenyewe ni wa kale. Karatasi ni ya juzi. Kijuma alichagua usomaji upi uingie, akatengeneza alipoona pameharibika, na kwa kuwa alikuwa mshairi, ni nani atakayesema mkono wake uliishia wapi? Mimi simlaumu. Bila wanunuzi wale asingeandika nakala nyingi kiasi hicho, na makasha mengi ya Lamu yaliyokuwa na nakala zilizochakaa hayapo tena. Ila napenda barua zake kuliko nakala zake zilizopambwa. Katika barua mtu anasema kazi: ipi imekwisha, ipi bado, malipo yamefikia wapi. Nakala nzuri inaonyesha utendi, barua inaonyesha biashara iliyouzaa.

Wakati wa uhuru mambo yalibadilika kidogo. J. W. T. Allen alizunguka pwani katika miaka ya 1960 akikusanya miswada na kanda za sauti, na safari hii mali haikupanda meli: ilibaki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapwa 1970. Kanda ni neno la maana hapo. Allen aliona kwamba utenzi hukaa kooni pia, akataka usomwe kwa sauti na wenye kuujua.

Na Lamu yenyewe si kwamba haikubakiwa na kitu. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh, una vitabu na miswada yake mpaka leo, na si miaka mingi imepita tangu vipigwe picha kimoja kimoja kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini. Picha zikaenda, vitabu vikabaki. Kilichonivuta zaidi ni maandishi ya wakfu yaliyomo katika baadhi yake: kitabu hiki amekitoa fulani bin fulani kiwe wakfu, kisiuzwe. Mtoaji alitaka thawabu. Sisi ametuachia jina, na ushahidi kwamba kitabu kilikuwa na mtu kabla ya kuwa na rafu. Hakuna mkutubi aliyewahi kuniwekea kumbukumbu bora kuliko hiyo.

Karatasi zilizochapwa ndizo zinazotupwa kwa moyo mwepesi. Mwalimu mwenzangu mmoja alifunga miswaki kwa kurasa za *Mambo Leo*, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, maana kwake lilikuwa gazeti kuukuu. Hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, alianzisha kijarida chake *Sahifa* mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932. Alikaripia mambo ya mjini kwa majina ya mambo yenyewe: gharama za harusi, uvivu wa kusoma, kuiga wageni, kudharau lugha. Makala hayo baadaye yalikusanywa kuwa kitabu, *Uwongozi*, na kitabu bado kinasomwa. Karatasi zenyewe, zile zilizopitishwa mkono kwa mkono barazani, ukizipata nipigie simu usiku wowote. Kitabu kinakupa hoja ya sheikh. Karatasi ingekuonyesha ni nani aliyeikunja akaitia mfukoni, na pengine alichomjibu pembeni kwa kalamu ya risasi.

Picha za studio ni habari ndefu zaidi, maana hizo zimejaa majumbani. N. V. Parekh alifungua studio yake Mombasa mwaka 1942 na kwa miongo kadhaa watu wa kila kabila na dini walipita mbele ya kamera yake: maharusi wa Kihindi, vijana wa bara wenye suti za kuazima, mabibi wa Mji wa Kale waliovua buibui mlangoni ili wapigwe wakiwa na nywele zilizosukwa vizuri. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, fundi wa kuunganisha picha, aliyeweza kuutoa uso wa mtu katikati ya ua. Ukizitazama hizo baada ya kadi za Gomes unaona tofauti bila kuambiwa. Mteja huyu hakuamrishwa mkono uende wapi. Amelipa, amechagua pazia, na kama tabasamu ni la nyota wa filamu ya Bombay, amelichagua yeye mwenyewe.

Jina, hata hivyo, bado halipo. Sababu yake ni ya kinyume: hakuna aliyeandika nyuma ya picha kwa kuwa kila mtu nyumbani alimjua. Wajukuu ndio wanaobaki na mikebe ya biskuti iliyojaa watu wasiowajua.

Tangu nistaafu hukaribishwa katika nyumba za Kibokoni na Kuze kuzipanga picha hizo. Sina mtambo wala ruzuku. Nina penseli laini, bahasha za kaki, na subira ya kunywa chai. Kalamu ya wino naikataza kabisa, huchapa hadi upande wa pili. Naanza kwa kumtafuta mwanamke mzee kuliko wote walio hai nyumbani, na simwulizi kwanza “huyu nani?” Swali hilo hufunga mlango.

“Bi, hii kanga ilitoka lini?” nilimwuliza mmoja, na picha ilikuwa ya wanawake wanane wamevaa sare.

“Kanga hiyo? Hiyo tulishonesha harusi ya binti wa jirani. Mwaka huo sukari ilikuwa ya kupanga foleni.”

“Na huyu wa mwisho?”

“Simjui.” Akainywa chai yake. Kisha: “Huyo ndiye somo yangu. Aliyenifunda. Ila usiandike hapa mbele ya watoto, mwanangu, tuligombana kwa sababu ya ngoma.”

Ngoma yenyewe ilikuwa lelemama, ngoma ya wanawake, na hapo tulikaa mpaka magharibi. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilikuwa na majina, vyeo, sare, michango na ushindani uliowapasua ndugu. Ibinaal Watan na Banu Saada si majina ya vitabuni kwa mabibi hawa. Ni upande uliokuwa nao na upande uliokuwa dhidi yako. Margaret Strobel alizisikiliza habari hizo katika miaka ya 1970, na pamoja na Sarah Mirza wakachapisha maisha ya wanawake watatu wa mji huu, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, kwa maneno yao wenyewe, yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili baadaye. Kila ninapokwama na picha ya lelemama narudi kwa mabibi hao watatu. Kazi ile ni ya ukoo wa Sikujua: mtu anakaa, anaeleza, mwingine anaandika bila haraka.

Huwa natazama pia buibui. Lile la kamba, lililofungwa kichwani na kukunjwa, halikufanana na haya ya kushonwa kama koti yaliyokuja baadaye, na picha ya barabarani mara nyingi naweza kuikisia muongo wake kwa hilo tu. Viatu havidanganyi sana. Saa za mkono zinadanganya, maana studio ziliwaazima wateja.

Yule bibi alikubali mwishowe niandike jina la somo yake nyuma ya picha, na ugomvi nisiuandike. Nilimtii. Naamini nilipoteza kipande kizuri cha historia ya Mombasa, na naamini pia kilikuwa chake.

Maana si kila mtu anayetaka kukumbukwa kwa uso. Kuna mabibi waliopigwa picha kichwa wazi kwa Parekh wakiwa na miaka ishirini, wakahiji wakiwa na sitini, na leo hawataki mwanamume asiye maharimu ayaone yale mabega. Kuna familia zilizochana picha za marehemu wao siku ya tatu ya matanga, na waliofanya hivyo hawakuwa wajinga; walimsitiri mtu wao. Mkutubi kijana aliyesomea kazi hii chuoni hukasirika anaposikia hivyo. Mimi pia nilikasirika zamani. Kisha nikamkumbuka yule wa kwenye kadi ya Gomes, ambaye kila mtu duniani ameruhusiwa kumwona bila yeye mwenyewe kuamua, nikaona kwamba ugonjwa ni ule ule: uso umetengwa na mwenyewe.

Utaratibu wangu sasa ni huu. Picha ambayo mwenyewe au binti yake amekataa ionwe, inaingia bahasha yake peke yake na bahasha inashonwa kwa uzi. Juu naandika kila kitu isipokuwa sura: jina, studio, mwaka wa kukisia, nani kasimama na nani, nani kanieleza, na ni lini au kwa idhini ya nani inaweza kufunguliwa. Mmoja alisema baada ya kufa kwake. Mwingine alisema wajukuu wa kike tu. Mwingine alisema kamwe, nikamwuliza kwa nini basi asiichome, akanitazama kama nimetukana.

Watu wa mradi mmoja wa kuskani walipokuja mwaka jana walihesabu bahasha za uzi wakanung'unika, kwa kuwa mashine yao hulipiwa kwa idadi ya picha. Nikawapa maandishi ya juu wayaskani. Walisita, wakapigiana simu, wakakubali. Yako ndani ya orodha yao sasa: jina, studio, mwaka, na mahali pa picha pameachwa wazi.